Alichoandika Katika Juzuu ya Pili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuona sababu ya kuacha. Nikinunua mkate spaza, kiduka cha mtaani, naubonyeza pande zote. Jirani akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo binti yangu alipofika miaka kumi na sita akaanza kujifungia chumbani, watu wa kanisani waliponiambia ni umri, mimi nilisema kuna jambo. Tunakaa mtaa wa Bertrams, mimi na yeye tu, na nyumba ya watu wawili ikinyamaza inanyamaza kweli.

Nilivishuku vitabu. Alikuwa anaazima riwaya nene za Kiingereza, anasoma mpaka ugali unapoa, na nikimuuliza zinasema nini ananijibu kwa Kiingereza kwamba ni hadithi tu. Kiswahili changu anakielewa chote, hata matusi, lakini majibu yake hutoka kwa lugha ya shule. Nilitaka kujua kitu kimoja: mwanangu anawaza nini. Na kwa kuwa haniambii, nilianza kutafuta mwenyewe. Nikapekua begi, nikapekua kabati, na hatimaye chini ya mto nikakuta daftari. Juu ameandika kwamba ni la somo la Kiingereza, la maoni yake juu ya kila kitabu alichosoma. Tangu siku hiyo nikawa nalisoma kila anapoingia kuoga.

Lilinipendeza, sisemi uongo. Riwaya hii imemfundisha kuwasikiliza wazazi. Ile imemwonyesha hatari ya marafiki wabaya. Nyingine imemfanya atambue jinsi mama wanavyojitoa kwa ajili ya watoto wao, na hapo nilifuta machozi kwa kanga. Nilikuwa nikilirudisha daftari chini ya mto nikiwa na amani ya siku mbili, tatu.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Marshalltown, katikati ya jiji, kwenye duka la vitabu vya zamani la mzee mmoja wa Kizungu. Kazi yangu ilikuwa kufuta. Wateja wake wakubwa walikuwa wapambaji wa ofisi za Sandton, upande wa matajiri, wanaonunua vitabu vyenye majalada ya ngozi kwa urefu wa rafu, ili anayeingia pale mapokezi adhani wenye ofisi wanasoma. Hakuna aliyevifungua. Lakini mzee alikuwa na msimamo wake: kitabu hakitoki dukani kwake na kurasa chafu. Basi nilikaa dirishani na raba laini na brashi, nikifuta penseli za watu waliokufa zamani. Kando yangu alikaa fundi mmoja kutoka Lubumbashi, aliyekuwa akishona upya migongo ya vitabu iliyofumuka.

Siku moja mzee akaniwekea mezani riwaya ya juzuu tatu, iliyochapwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Ndani ya jalada la kwanza palikuwa na maandishi ya wino: zawadi ya baba kwa binti yake. Pembezoni mwa kurasa, binti huyo alikuwa amejaza maoni yake kwa penseli, mwandiko mdogo wenye herufi za mikia mirefu. Mzee akanieleza kwamba zama zile huko kwao wazazi wengi na makasisi waliziogopa riwaya. Waliamini zinawaharibu wasichana vichwa. Kina baba wengine walizisoma wao kwanza, au wakawasomea watoto sebuleni kwa sauti, wakiruka penye mashaka. Mzee alikuwa anacheka akisimulia. Mimi niliona walikuwa watu wenye akili timamu.

Kwa kawaida nafuta bila kusoma. Yule msichana alinishinda. Katika juzuu ya kwanza alikuwa na mdomo! Mjomba wa kwenye hadithi anatoa mawaidha kurasa nne; pembeni msichana ameandika kwamba ameziruka zote na hajapungukiwa na kitu. Bwana anayesifiwa na mwandishi kuwa ni muungwana, yeye kasema angelala usingizi kabla huyo bwana hajamaliza kumposa. Mahali pengine alikiri kwamba barua fulani imemliza, halafu akajicheka kwa kulia. Nilimpenda. Niliweka raba pembeni nikasoma juzuu nzima, huku nikimwambia fundi kwamba karatasi hizi ni ngumu kufutika.

Nikafungua juzuu ya pili, machale yakanicheza. Mwandiko ni ule ule, mikia ile ile, lakini aliyesema ni mtu mwingine. Mjomba sasa ana hekima kubwa. Yule bwana ni mfano kwa vijana wote. Msichana yeyote atafaidika kwa kumtii mlezi wake kama huyu wa kwenye hadithi. Ukurasa baada ya ukurasa, sifa tupu. Niliinamisha kitabu kwenye mwanga wa dirisha, nikaona chini ya zile sifa karatasi imechubuka. Kuna mtu alikuwa amefuta. Mimi kazi yangu ni hiyo, raba iliyopita naijua. Katika sehemu moja penseli ya kwanza ilikuwa imekandamiza sana, na maneno mawili yalikuwa bado yanasomeka: mjomba, na mnafiki.

Nikamwonyesha fundi. Akaweka sindano chini, akavaa miwani yake, akatazama muda mrefu.

"Mama, kuko mutu alikuwa anamuangalia," akasema.

"Nani?"

"Si papa yake? Ni yeye alimupatia kitabu. Siku moja akafungua, akasoma, mutoto akajua. Sasa anaandika vya kumufurahisha." Akavua miwani. "Na ile ya tatu inasema nini?"

Juzuu ya tatu haikuwa na alama hata moja. Nilipekua mpaka jalada la mwisho. Mzee alipopita akafurahi kwamba hiyo ni safi tayari, haihitaji kazi.

Nilimchukia yule baba kwa moyo wote. Nilimwona sebuleni kwake, mtu mzima, anafungua kitabu cha mtoto wakati mtoto hayupo, halafu anakirudisha palepale akijidanganya kwamba sasa anamjua. Siku ile nilifanya jambo ambalo mzee hakulijua: nilifuta zile sifa zote za juzuu ya pili, na kejeli za juzuu ya kwanza nikaziacha zilivyo. Zikaenda Sandton hivyo hivyo.

Lakini nikiwa kwenye teksi kurudi nyumbani, roho haikutulia. Maneno yale ya utiifu niliwahi kuyasoma, na si kwenye duka la vitabu. Ni mtoto gani wa miaka kumi na sita anayesoma riwaya kumi na katika zote kumi akamwona mama yake?

Nilimkuta jikoni anakatakata kitunguu. Sikungoja hata kuvua viatu.

"Lile daftari lako la maoni," nikasema. "Yale unayoandika mle, ndiyo unayoyawaza?"

Hakushtuka. Hakuuliza daftari gani. Aliendelea na kitunguu, halafu akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, na hilo peke yake lilinitisha.

"Mwalimu hajatuambia tuandike daftari, Mama. Niliona unapekua begi langu. Nikakuwekea kitu cha kusoma."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima, sembuse mtoto niliyemzaa. Nilitaka kumwomba msamaha. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, nasikia uzito wake. Badala yake nikajisikia nikiuliza, kwa sauti ya upole niliyodhani ni ya upendo:

"Basi yale ya kweli unayaandika wapi?"

Akaweka kisu chini, akanitazama.

"Eish, Mama," akasema. "Unaona? Umeanza tena."