Mathe alisema mguu ni baridi, sisi tukanunua soksi

Sasa wakuu. Mimi ni wa Gatongora, huwa nasoma tu kimya hapa, lakini leo wacha niandike. Hii sijaambiwa na mtu. Ilitokea kwetu, na mwenye mguu ako hapa kando yangu akikunywa chai.

Mathe, mamangu mzazi, anaishi Theta na ng'ombe yake na kiburi yake. Alipatikana na cancer ya tumbo, akaanza chemo Thika. Tulionywa dawa inaweza kumletea ganzi, so alipoanza kulalamika ganzi hakuna mtu alishtuka.

Halafu akaanza kutuambia kwa simu, "Huu mguu ni baridi."

Ilikuwa July. Mnajua baridi ya July huku kwetu. Mimi nikapeleka soksi. Dadangu wa Gitothua akapeleka soksi. Hata Mama Halima, jirani yake, akamfumia zingine za wool. Mathe akawa na soksi kushinda mtoto mchanga.

Ndara nayo ikaanza kumtoka. Anatoka jikoni na mbili, anafika kwa ng'ombe na moja, na hajui. Tulimcheka, naye akajicheka.

Jumapili moja nikaenda kumkata kucha kabla ya kanisa. Nikatoa soksi, nikashika miguu. Wa kulia ulikuwa moto. Wa kushoto ulikuwa kama pakiti ya maziwa imetoka kwa fridge, na rangi imeisha.

"Si nilikwambia?" akasema. "Sikusema nasikia baridi. Nilisema mguu ni baridi."

Haki niliogopa. Kanisa tukaiacha, tukaenda Thika straight.

Daktari akatafuta pulse kwa huo mguu, akaikosa. Akatueleza polepole: cancer inaweza kufanya damu igande, mshipa unaziba, na nerves zikikosa damu zinakufa. Ganzi ya chemo, alisema, mara nyingi hushika miguu yote miwili. Hii ilishika mmoja. Tungezidi kukaa nyumbani, mguu ungekatwa.

Mshipa ulifunguliwa siku hiyo hiyo, akawekwa kwa sindano za kuzuia damu isigande tena.

Mguu uko, wakuu. Nerves zingine hazikurudi, so ndara zake siku hizi ziko na kamba ya nyuma, na anaenda kwa ng'ombe na fimbo. Lakini anaenda. Nashukuru Mungu, nashukuru wale madaktari, nashukuru hata hizo kucha.

Mtu wako wa cancer akisema mguu mmoja ni baridi, usikimbilie soksi. Shika yote miwili. Ukiskia tofauti, nenda hospitali hapo hapo.

Kama kuna mwenye amepitia hii na mzazi, andika. Mathe anataka nimsomee.

Sasa amemaliza chai, amenyoosha miguu kwa mapaja yangu. Huo wa kushoto hawezi kujua mwenyewe, so kila jioni lazima aniulize.

"Ni moto?"

Ni moto, mathe. Yote miwili.