Walimlilia Fundi wa Baruti

Kaka yangu alikufa kwenye njia ya Malemba-Nkulu, katika biashara yake ya kusukuma baiskeli yenye samaki wakavu, na jirani zetu wakaenda kumlilia mtu mwingine. Nasema hivyo bila kuremba. Miaka mingi imepita, lakini nikikumbuka moyo unawaka.

Ilikuwa wakati wa vita, ile miaka ya tisini inaishia. Jirani yetu, karani wa reli, alikuwa amempangisha ofisa mmoja wa kutoka Base, kambi kubwa ya jeshi. Ofisa alikuja na jenereta, televizyo na kaseti za mchezo wa kuigiza wa Kifaransa, sehemu baada ya sehemu. Avenue nzima, mtaa wetu wote, ikahamia pale jioni. Mimi, mwalimu wa shule ya misheni, walinikalisha mbele nitafsiri. Ndivyo kwetu, mwenye Kifaransa anakuwa mdomo wa wote.

Mchezo ulimhusu mtaalamu mmoja wa Ulaya ya zamani, aliyevumbua baruti ya kupasulia mawe. Reli zikapita milimani. Halafu wakubwa wa majeshi wakaja kumbembeleza, akawatengenezea mabomu ya kufukia ardhini. Waigizaji walikuwa hodari, siwanyimi sifa. Lakini tazama wanavyotuchezea: yeye tunamwona macho yakimjaa machozi, kinanda kinalia, mke anamsihi aache, mikono inamtetemeka juu ya chupa zake. Waliokanyaga mabomu yake tunawaona kwa mbali, vitu vidogo vinaanguka kwenye matope, hata nyuso hawana. Hakuna hata mmoja mwenye mama. "Masikini, akili yake njo ilimuponza," karani alikuwa akisema. "Bila yeye, reli yetu ingepita wapi?" Na wanawake wanapangusa macho kwa vitenge.

Kisha mwenzake kaka wa safari ya samaki akarudi peke yake. Alitueleza kwamba kaka alitoka kidogo nje ya njia kujisaidia, akakanyaga bomu, wakamzika palepale kwa haraka. Alituletea kofia yake tu. Mama akanyoa kichwa, akatandika mikeka uani, akawasha moto. Alichotaka kilikuwa kimoja: kilio cha mwanawe kijae watu, watu walale uani, mwenye msiba asiachwe peke yake hata kidogo. Kwetu mtu asipoliliwa vizuri ni kama alizaliwa bure.

Nani alikuja? Shangazi zangu wawili, na mchungaji aliyesali akaondoka. Wengine walisimama nje ya ua wakinong'ona: "Bila maiti, kilio ya nini? Labda iko muzima. Kumulilia muntu muzima ni kumuitia kifo." Eti! Mwenzake alimfukia kwa mikono yake mwenyewe! Na yule wa kwenye televizyo, maiti yake waliiona wapi? Yule anayelia pale ni mwigizaji tu, mzima kabisa, analipwa mshahara na kula nyama. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jioni ile karani aliingia uani kwetu. Mama akainuka nusu, akidhani ni wa kwanza wa wengi. Karani akampa mkono, akasema pole, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, kesho ofisa anarudia ku Base na jenereta yake. Leo njo mwisho. Bantu banakungojea utufasirie."

Aliyejibu ni Mama.

"Twende."

Akakaza kitenge kiunoni, akatangulia miguu mitupu. Kwa karani alikaa sakafuni, mbele kabisa ya televizyo, akaanza kilio palepale. Alimwita mwanawe kwa jina, akamsifu alivyokuwa na nguvu ya kupandisha baiskeli vilima, asivyokula kabla mama yake hajala. Watu wakatazamana. Mke wa karani akamgusa bega.

"Mama, pole sana. Lakini punguza sauti kidogo, inabakia kidogo tu iishe."

Mama akanyamaza. Alinyamaza kama mtoto aliyekemewa kanisani, nami nikatamani kuipiga teke ile televizyo. Kwenye kioo mtaalamu alikuwa amezeeka, amesimama dirishani, analia.

"Anasema nini?" wakaniuliza.

"Anasema hapati usingizi."

"Masikini!" wakasema wote.

Mama akanivuta mkono. "Ule njo alitengenezaka mabomu?"

"Njo yeye, Mama."

Akasogea karibu zaidi na kioo, akakikazia macho, hakupepesa, mpaka muziki ukapanda na majina ya waigizaji yakaanza kupita.

"Na mutoto yangu," akauliza, "batamuonyesha wakati gani?"

"Hayumo, Mama," nikamwambia. Karani alikuwa ameshatoka kwenda kuzima jenereta.