Pini za Dada

Mtaani dada yangu haitwi kwa jina lake. Anaitwa Mama Pini, maana tangu nipate akili sijamwona akishona bila kubana pini tano sita midomoni. Mimi ndiye mpiga pasi wa kibanda chetu, na nimemwonya mpaka nimechoka: "Dada, iko siku utazimeza." Jibu lake ni lilelile: "Mm." Mteja akiuliza suruali itakuwa tayari lini, "Mm." Na bado wanarudi, kwa kuwa mkono wake hauna mfano.

Mwanawe wa pekee alikulia kwenye kigoda kando ya cherehani. Alikuwa na maneno huyo mtoto! Akitoka shule hata begi hajatua: mwalimu kasema hivi, mama, nimechora, mama, tazama. Dada haondoi macho kwenye pindo. "Mm." Ada ilitoka kwenye mapindo hayo, simlaumu sana. Ninayemlaumu ni mimi. Pasi haizuii mtu kusema, nami nilinyamaza.

Mtoto akazoea. Kwanza aliacha kusimulia, halafu akaacha kuonyesha michoro. Alipokwenda mbali kujifunza kuchonga sanamu, aliaga kwa sentensi moja.

Mwezi uliopita akarudi na sanamu aliyoagizwa kutengeneza ili isimamishwe mbele ya soko. Tukafunga kibanda, tukavaa, tukaenda. Kitambaa kilipovutwa, alikuwepo mwanamke wa shaba ameinamia cherehani.

"Mama Pini huyo!" watu wakapiga kelele. "Hata pini zipo!"

Zilikuwepo, tano, midomoni. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akazunguka upande wa pili, na kicheko kikakatika. Kando ya cherehani kulikuwa na kigoda kitupu, na juu yake karatasi ya shaba isiyo na mchoro.

Akaipapasa kwa kidole, kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata.

"Mdogo wangu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hivi alikuwa anachora nini siku zile?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo alikuwa ameshafika, na sikuwa na pa kumficha.

"Wewe," nikamwambia. "Kila siku alikuchora wewe."

Mwanawe akaja, mikono nyuma, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Akanisalimu, "Shikamoo, mama mdogo," kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, umeionaje?"

Nikamfinya dada mkono. Sema, nikawaza, leo sema chochote. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mm," akasema.

Mwanawe akatikisa kichwa taratibu, kama zamani, akaitwa na wageni, akaenda. Dada akajishika midomo kwa vidole, akitafuta pini. Hapakuwa na hata moja.