Pambo la Mwisho la Nana Haoua

Agaichatou alikuwa kwenye tanuru la mtaani, anatoa mkate wa mwisho, shangazi yake Bibata alipomjia mbio, ushungi umemwanguka mabegani.

"Acha mkate, mwanangu."

"Si utaungua, Shangazi?"

"Uache uungue. Mama yako ametutoka."

Agaichatou akasema Inna lillahi, akamfuata mbio nyumbani.

Mama yake, Nana Haoua, alitengeneza mapambo ya nyasi pale Timbuktu miaka arobaini. Alizitia nyasi rangi ya manjano, akazizungushia nta ya nyuki mpaka zikang'aa kama dhahabu, na maharusi wasio na dhahabu wakatoka kwake vichwa juu. Swala hazikumpita, ila ulimi wake haukuwa na breki. Agaichatou alipokuwa sekondari na kukwepa kujifunza kazi hiyo, mama yake alimwambia, "Basi binti yako akiolewa utamvika madaftari!"

"Nitajifunza kesho, Mama."

Miaka ikapita hivyo.

Sasa binti huyo wa Agaichatou, Nafissa, alikuwa anaolewa. Asubuhi ile bibi yake alimaliza pambo la harusi yake, akalishonea kwenye nywele zake mwenyewe alione linavyokaa, akajilaza kidogo. Hakuamka. Joto likayeyusha nta, nyasi na nywele zikashikamana.

Bibata ndiye aliyeosha maiti. "Fumua, maji yafike kwenye ngozi. Wanaume wanangoja nje."

Agaichatou alichokonoa kwa kucha. Mapambo mengine yote ya mama yake yalikuwa yameshauzwa, na ususi ule hakuna mwingine aliyeujua. Likitoka zima, angeweza kulifuatisha.

"Nipe muda, Shangazi. Hili ndilo pekee."

"Muda gani, na jua hili?"

Akachukua mkasi, akaupeleka kwenye nywele. Bibata akamshika mkono.

"Mcha Mungu mzima wewe! Nywele za maiti hazikatwi. Kata nyasi."

"Nikilikata limekwisha."

"Najua, mwanangu."

Agaichatou alisema Bismillahi, akakata. Vipande vikaanguka mchangani, vidogo vidogo, haviungiki tena. Akafumua nywele, akamimina maji. Wakazisuka mikia mitatu, wakamvisha sanda.

Baada ya adhuhuri wanaume walimswalia, wakalibeba jeneza kuelekea makaburini. Wanawake walibaki. Agaichatou alisimama mlangoni akimwombea mama yake msamaha, mpaka watu wakapinda kona ya ukuta na hawakuonekana tena.