Ayeeyo na Kitabu cha Myahudi

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, na vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, vimetuingilia hadi jikoni, nyumbani kwetu Garissa kulikuwa na kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kukisoma. Kilikaa rafu moja na Msahafu, chini yake, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kilikuwa kitabu cha sala cha Mzee Yakobo, Myahudi aliyekuwa akinunua ngozi za mbuzi kwa bibi yangu, Ayeeyo. Barabara ilipoanza kutegwa mabomu, alimkabidhi Ayeeyo kitabu hicho amtunzie.

“Nikifa njiani, amekufa mzee mmoja,” alisema. “Hiki kikiungua, umeungua ukoo.”

Ukoo wake wote uliangamia Ulaya. Walikuwa Wahasidi, wafuasi wa mawalii waliomwomba Mungu kwa nyimbo na kucheza. Alituambia kwamba waliokichapa walioga kwanza, wakajitoharisha, ndipo wakagusa herufi. Ukurasa mmoja ulikuwa na doa la rangi ya chai: machozi ya walii aliyempa babu yake kitabu hicho.

“Kumbe ni watu wa tarika, wa dhikiri na mawalii, kama sisi,” Ayeeyo alisema, “ila wao wana theluji.”

Walikubaliana jambo jingine pia. Kwao, kitabu kitakatifu hakiachwi wazi bila msomaji, la sivyo aliyekiacha husahau alichojifunza. Kwetu, shetani hukaa akakisoma. Ayeeyo alinionya: “Ukikiacha wazi, umemkaribisha mgeni usiyemtaka.”

Mimi nilitaka kuona machozi. Asubuhi moja nilikishusha, nikakifungua mkekani, nikalitafuta lile doa. Nililipata. Nikaitwa kuchota maji, nikaenda mbio. Niliporudi, mlangoni walikuwa wamesimama askari watatu.

Mmoja alikuwa amekishika kitabu kama kuku wa kuchinja. “Wewe mama! Maandishi gani haya? Siri za shifta?”

“Ya Mungu hiyo. Shika bolebole.”

“Mungu gani?”

“Kwani wewe uko nao wangapi?”

Mwenzake alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Yule wa kwanza alikitia kitabu kwapani, wakaondoka nacho kwenda kambini.

Ayeeyo alivaa shuka yake, akawafuata. Alikaa langoni mwa kambi juani tangu asubuhi, akarudi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Kesho yake vivyo hivyo, nami nikimbebea maji. Pale langoni walikaa wanawake wengi. Waume zao walikuwa ndani. Mjomba wangu alikuja kumsihi, amejaa hasira na hofu.

“Mama, watu wanadai waume, wewe unadai kitabu cha Myahudi? Utapigwa bure!”

“Waume wana wake wa kuwadai. Hiki kina nani hapa?”

Wiki iliyopita, mimi sasa mtu mzima, kwenye mdahalo chuoni, kijana mmoja mwenye tai alisema watu wa kwetu huogopa vitabu kwa sababu hawajui kusoma. Nilimjibu, na nilimjibu vizuri. Lakini ningependa angemwona mwanamke asiyejua alifu wala be, anaelekezewa mtutu wa bunduki, hasogei, kwa ajili ya sala za watu wengine.

Siku ile ya pili nilishindwa kuvumilia. Nililia, nikamwambia mimi ndiye niliyekiacha wazi, mimi ndiye niliyewaita askari.

“Askari hawaletwi na kitabu, mwanangu. Wanaletwa na aliyewatuma.” Akanipangusa pua kwa ncha ya shuka. “Lakini usikiache wazi tena.”

Siku ya tatu alitoka ofisa mtu mzima. “Kasisi wetu amekitazama. Anasema humo mna Zaburi.” Akamnyooshea Ayeeyo kitabu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na fimbo yake.

Ayeeyo hakukipokea. “Kwa mkono wa kulia, baba.”

Nilihisi haja ndogo inanitoka. Ofisa alimtazama, akaitazama fimbo, akaihamishia kushoto, akampa kitabu kwa mkono wa kulia.

Vita vilipotulia, Mzee Yakobo alirudi, amekonda. Alikibusu kitabu, akafungua ukurasa wenye doa, akaufunga, akakibusu tena. “Mama, hakikukusumbua?”

“Kitabu hakili, hakinywi. Kitanisumbuaje?”

Nilifungua mdomo nimwambie: jua, lango, bunduki. Ayeeyo alinifinya paja hadi machozi yakanilengalenga.

Kwa miaka mingi nilikasirishwa na ukimya huo. Nilidhani ni kule kujidunisha tulikofundishwa sisi wanawake. Siku hizi naona vingine. Mzee yule alikuwa amekwisha kufiwa na watu wake wote. Ayeeyo hakutaka aondoke kwetu akijua kwamba alitutia hatarini. Mimi ningemwambia yote, tena kwa ushahidi, nikashinda hoja. Yeye alimmiminia chai, akamuuliza habari za safari.