Siku Niliyoweka Linux Ukweni

Jamani, chekeni, ila chekeni taratibu, maana hii aibu ikinijia hata nikiwa barabarani nafunika uso kwa kiganja.

Nilipanda Bombo, kule milimani, kwa wazazi wa Namkunda, mchumba wangu, mahari ikiwa bado inazungumzwa, na mnajua mkwe mtarajiwa kule hakai bure, anapewa kazi, na haikataliwi. Wengine huchimba tangawizi. Mimi, kwa kuwa ni fundi simu Hedaru, baba mkwe alinipa laptop.

"Inajikokota, baba. Na mchana huu tunamkumbuka mama, watu wanataka kusikia sauti yake. Utaiweza?"

Humo mlikuwa na sauti ya bibi yake Namkunda akiwabariki wajukuu kabla hajafariki, na nakala nyingine haikuwepo popote. Mwenye akili angeunganisha spika akanyamaza. Mimi nikajibu, "Nitaiwekea Linux, mzee, itapaa." (Linux ni mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nami nilikuwa nimewahi kuiweka kwenye mashine yangu tu.)

Nikanakili sauti kwenye diski ya nje niliyokuja nayo, nikaiacha imechomekwa, nikaingiza flashi yenye Linux, nikaanza. Programu ikauliza niiweke diski ipi, ikanionyesha moja tu, ilhali zilikuwa mbili, ya ndani na ya nje. Hapo ningeshtuka, lakini mama mkwe alikuwa ameleta chai na amesimama ananitazama, nami nikataka nionekane mjuzi, nikabonyeza pa kufuta yote.

Nilipoiwasha upya, kioo cheusi, kistari kimoja kinapepesa. Nikazima, nikawasha, kistari kilekile. Nikaiwasha kwa ile flashi niitafute sauti: diski ya nje ilikuwa na Linux tu, sauti nimeifuta mwenyewe, na ile ya ndani haionekani kabisa. Mgongo ukalowa jasho, na Bombo kuna baridi.

Nje viti vilishapangwa. Namkunda akachungulia.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Mbona kioo ni cheusi?"

Kabla sijamjibu, baba yake akaingia, akaibeba laptop na nyaya zake zikining'inia, akaiweka mezani mbele ya mchungaji na ukoo mzima. "Haya baba, tusikie."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema umeme umesumbua, lakini yakanitoka mengine, tena kwa sauti kubwa, "Nisameheni, nimeifuta sauti ya bibi!" Shangazi mmoja akaangua kilio, wakampokea wenzake, msiba ukaanza upya. Mama mkwe akaniambia, "Umemzika mara ya pili." Namkunda hakuniangalia. Nilitamani nikimbie mpaka Makanya kule chini kwa miguu.

Baba mkwe akainama mezani. Akachomoa kila kilichochomekwa, akaizima kwa kukibana kitufe, halafu, sijui ni hasira au mazoea, akaiwasha tena. Ikajikokota weee, ikafunguka na kila kitu chake! Kumbe ile laptop haikupatana na Linux yangu hata kidogo, diski yake ya ndani haikuonekana wala haikuguswa, nilichofuta ni diski yangu ya nje, na ndiyo iliyokuwa ikiizuia kuwaka.

Bibi akakohoa kwenye spika, akaanza kuwataja wajukuu mmoja mmoja, na waliokuwa wanalia wakalia zaidi, ila kilio kingine. Mimi nililia kuwashinda wenye mama yao.

Baadaye baba mkwe akanishika bega. "Mwanangu, kama hukujua, si ungesema tu?"

Ningesema, lakini pale ukweni neno "sijui" nililionea aibu. Siku hizi nikifika kule, nikishaamkia tu, nalitanguliza hilo, hata kabla sijaulizwa chochote.