Vibuyu Nilivyovisugua

Jumanne, tarehe 4 Juni 1957. Manyunyu yalianza alfajiri na hayakukata, na barabara ya Msambweni ilikuwa tope tupu. Niliondoka nyumbani kwa sababu dada yangu Mwanasiti alinituma Kinango nikamwambie mama mmoja kwamba maziwa yake hatuyataki tena. Sikupenda kutumwa hivyo, lakini nilivaa viatu nikatoka.

Nieleze kwanza, huenda msomaji hamjui dada. Alipofiwa na mumewe alianza na kibuyu kimoja cha mtindi mlangoni pake. Wakanunua majirani, kisha wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kisha wenye maduka wa Diani. Sasa mtindi wake unatiwa katika chupa, mdomo umefungwa kitambaa kwa uzi wa buluu, na watu mpaka Likoni huomba "ule wa uzi wa buluu" bila kumjua aliyeufunga. Maziwa yote hutoka kwa Mama Nyamvula, Mduruma wa karibu na Kinango. Hukusanya ya kwake na ya jirani zake, akayatia katika vibuyu vyetu, na lori la mahindi likayateremsha. Yakifika kwetu yamekwisha kuganda, na vibuyu vitupu hurudi kwake kwa lori lilelile.

Lakini kwa wiki tatu mtindi ulikuja mwepesi, maji yamejitenga juu, na una harufu nisiyoweza kuitaja. Dada alisema Nyamvula anatia maji. Sikuwa na hakika, na mtu asiye na hakika ni rahisi kutumwa.

Saa nne nilikuwa Ukunda, nikapita dukani kwa Bwana Salimu, mnunuzi wetu mkubwa. Alinionyesha kreti nzima aliyorudishiwa na wateja. Akasema akirudishiwa kreti nyingine kama ile, atatafuta mtindi kwingine. Hakunisema kwa ukali, nami sipendi kumsingizia.

"Zile chembe nyeusi za mkaa nilizolalamikia zimekwisha, nakushukuru," alisema. "Ila na ladha nayo imekwenda zake."

Nilifurahi kwa zile chembe. Ni mimi niliyeziondoa. Tangu aliponiambia kwamba wateja wake wanaziona uchafu, kila kibuyu kitupu nilikisugua kwa mchanga na sabuni, nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakianika mpaka kikawa cheupe ndani. Nimesoma madarasa manne tu, lakini habari za usafi nilifundishwa, nikajiona mtu wa maana.

Adhuhuri nilifika Kwale, mvua imekatika, upepo wa kilimani unapita ndani ya shati. Hapo nilipanda lile lori la mahindi liletalo maziwa yetu. Dereva, Mwero, aliniuliza kama nilimjibu yule mama kuhusu ule ujumbe wake. Nikamwuliza ujumbe gani, na hapohapo nikakumbuka. Mwezi uliopita Mwero aliniletea neno kutoka kwa Nyamvula, kwamba vibuyu vinanuka sabuni, tusivioshe. Nilicheka siku ile. Nilisema watu wa bara wanaogopa sabuni. Dada sikumwambia.

Mwero alicheka tena kwa kuikumbuka kauli yangu. Mimi sikuweza.

Alasiri, Kinango. Huko mvua haikuwa imefika hata tone, na kwa miguu vumbi lilinifika magotini. Nilimkuta Mama Nyamvula akitua mtungi wa maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda na kata ya maji ninywe. Alinitazama nikinywa.

"Umetumwa uniambie nini, mwanangu? Sema tu, nusu yake uso wako umekwisha kuisema."

Nilisema. Nilijaribu kulipunguza neno lakini halikupungua. Akanionyesha kwa kidole ule mtungi.

"Maji haya nimeyafuata tangu kumekucha. Maziwa nayapata hapo zizini, hatua ishirini. Sasa mimi nitie kipi ndani ya kipi?"

Aliingia ndani akatoka na vibuyu viwili. Alisema ameviweka tangu juzi, maziwa ya ng'ombe mmoja, ajue mwenyewe kosa liko wapi. Kimoja kilikuwa cha kwake, kingine chetu. Cha kwake kilimimina mtindi mzito, mtamu, wenye harufu ya moshi. Chetu kilimwaga maji kwanza. Akanieleza kwamba kibuyu cha maziwa hakijui sabuni. Husuuzwa kidogo tu, kikaachiwa mabaki ya mtindi wa jana, kikasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa porini. Kile nilichokiita uchafu ndicho kilichokuwa kikiyagandisha maziwa.

"Vilipokuja vyeupe hivyo, nilidhani mwanitafutia sababu ya kuniacha," alisema.

"Ni mimi, mama. Si dada. Niwie radhi."

"Basi kamwambie yeye. Mimi nimekwisha kujua."

Nililala kwake. Jumatano, tangu asubuhi, alivifukiza moshi vibuyu vyetu vyote vilivyokuwa kwake, nami nikimshikia kimoja kimoja. Alinipa kibuyu chake kilichojaa nimpelekee dada. Njia nzima ya kurudi nilikipakata, nikitafuta namna ya kusema ambayo ingeniacha na heshima kidogo. Kufika Kombani nilikuwa nimeacha kuitafuta.

Magharibi, Msambweni. Nilimwambia dada yote, hata ule ujumbe niliouficha. Kwa haki niseme kwamba hakupaza sauti. Aliuliza kama nilimwomba radhi Nyamvula, nikasema nilimwomba. Akasema kesho nitakwenda kwa Bwana Salimu nimweleze kwamba chembe nyeusi zinarudi, na ni mimi nitakayemweleza, si yeye. Nilichojifunza ni hiki tu: nilidharau kumwuliza anayejua, na dharau hiyo ikataka kumtupa mtu asiye na kosa.

Usiku ule tulikula sima kwa mchicha wa nazi, na mtindi wa Nyamvula. Bakuli langu dada alilijaza kutoka chini ya kibuyu, penye chembe nyingi zaidi, akanisogezea. Nililimaliza.